Kubadili injini ya Samurai na wenzake: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Mtwara

Gereji yangu iko Mtwara mjini, chini ya mwembe, na riziki yangu kubwa ni Suzuki: Samurai, Jimny, Escudo, na mara mojamoja Kirikuu ya kubebea samaki. Msimu wa korosho ukifika, swali ni lile lile kutoka kwa watu kumi tofauti, na mimi nalijibu huku mikono imejaa grisi na simu nimeibana kwa bega. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja. Mengi yanahusu Samurai kwa sababu ndiyo inayoletwa zaidi, ila mwenye gari dogo lolote la 4WD atapata chake.

Samurai yangu haina nguvu. Niweke injini kubwa?

Kwanza niambie limevaa tairi gani.

Mzee mmoja wa Tandahimba aliniletea Samurai yake hela za mnada wa korosho zikiwa bado za moto. Alitaka injini ya 1.6, hataki maelezo. Nikachuchumaa kusoma tairi: 235/75R15. Samurai ya kawaida ya injini ya 1.3 ilitoka kiwandani na 205/70R15. Chukua kalamu. Tairi ya kiwandani ina kimo cha milimita 668 hivi, aliyovaa mzee ina 733. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi. Maana yake kila gia aliyonayo imekuwa ndefu kwa asilimia 10, na injini ile ile inasukuma gurudumu refu zaidi tena zito zaidi. Kwenye lami hutajali sana. Kwenye mchanga wa Tandahimba utadhani umefunga jahazi nyuma.

Nilifungua tairi za gari langu, nikamvalisha, tukapanda naye kilima cha Mikindani na kurudi. Njia nzima alikuwa anacheka. Injini hakununua.

Kama unazitaka tairi kubwa, na ninaelewa kwa nini mtu wa barabara za Liwale anazitaka, dawa ya kwanza ni gia. Samurai ina boksi ya pili, ile transfa inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, inayokaa peke yake katikati ya chasisi. Kwenye gia ya juu uwiano wake ni 1.409 kwa 1. Transfa ya mdogo wake, SJ410 ya injini ya lita moja, ni 1.580. Tofauti ni asilimia 12, kwa hiyo inalipa deni lote la tairi na chenji inabaki. Inaingia kwenye nafasi ile ile. Kagua tu flenji za propela, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, kama matundu ya boliti yanalingana kabla hujalipa. Kazi hiyo ni ya siku moja, waya hazikatwi, wala kadi ya gari haiguswi.

Halafu kuna magari yanayougua tu. Kabureta imejaa vumbi, valvu hazijapimwa tangu gari lije nchini, klachi inateleza, breki za nyuma zinashika. Usimchimbie kaburi mtu anayeweza kupona kwa panadol.

Sawa, nimeelewa, lakini mimi kweli nataka injini. Ni nani hasa anaihitaji?

Mwenye SJ410 anayetaka kwenda nayo Dar. Injini yake, F10A, ina cc 970 na nguvu ya farasi kama 45. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita zipatazo 560, na kuzimaliza ukiwa nyuma ya malori yenye korosho ni adhabu. Mwingine ni mwenye 1.3 iliyokwisha, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu. Huyo atafungua injini tu, apende asipende, basi bora achague ya kurudisha. Wa tatu ni anayebeba mzigo kila siku kwenye milima: Newala, Rondo, huko.

Injini gani inaingia kwenye Samurai kwa taabu ndogo?

Ya Escudo ya kwanza, ile iliyoanza mwaka 1988 na nje ya Japani inaitwa Vitara. Ni G16, cc 1590. Samurai ina G13, cc 1324. Hizo ni ndugu wa tumbo moja: bloku zote mbili ni za aluminiamu, na kava la klachi la giaboksi ya Samurai linakaa kwenye mgongo wa G16 bila kulazimishwa. Uzito haupishani sana, kwa hiyo springi za mbele hazilalamiki.

Wengi hawajui nguvu hiyo inatoka wapi. Pistoni ya G13 ina upana wa milimita 74, ya G16 ni 75. Milimita moja tu! Lakini safari ya pistoni, kupanda na kushuka, kwenye G13 ni milimita 77 na kwenye G16 ni 90. Krenki ina mkono mrefu zaidi. Ni kama kufungua nati kwa spana fupi kisha ukaichomekea bomba. Ndiyo maana G16 haisikiki kama injini ya mashindano. Unachokisikia ni uvutaji wa chini, injini ikiwa bado inaongea kwa upole, na huko ndiko tunakokuhitaji kwenye mchanga na tope. G13 ya kabureta ina farasi sitini na kitu. G16 ya valvu 8 inafika kama 80, ya valvu 16 yenye EFI, yaani inayopuliziwa mafuta na nozeli za umeme badala ya kabureta, kama 95.

Nikiulizwa nichague moja, nachukua ya valvu 8. Farasi ni wachache, ila uvutaji wake unafika mapema zaidi, na haina mambo mengi.

Na Jimny?

Inategemea Jimny ipi. Zile za kuanzia 1998 hadi 2018 zimekuja hasa za aina mbili. Nyingi zinazotoka Japani ni za cc 658, K6A, silinda tatu na turbo. Nyingine ni za 1.3. Mwenye ya 658 akitaka kukua, ajipatie nusu ya mbele ya Jimny ya 1.3 iliyokatwa, ahamishe injini, giaboksi, waya na kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa pamoja. Mwenye 1.3 ya M13A anaweza kupanda hadi M15A au M16A, ambazo ni ukoo huo huo. Hizi zina taimingi cheni, si mkanda, na zinaongozwa na umeme kwa kila kitu, kwa hiyo mtafute fundi umeme kabla ya fundi injini.

Jimny mpya ya 2018 kuja juu, ukiacha zile za cc 658 za Japani, imekuja na 1.5 yake. Iacheni.

Nataka dizeli. Nimeona mtu kaweka 2L ya Hiace.

Na mimi nimeiona. Niliona pia springi zake za mbele zimenyooka kama rula.

2L ya Toyota ni injini nzuri, ila ni ya chuma na ilitengenezwa kwa ajili ya basi dogo na pikapu. Samurai nzima haifiki tani moja. Ukiiweka, pua inazama, usukani unakuwa kama wa trekta, na giaboksi ya Suzuki inapokea mitetemo ambayo hakuna aliyeiandaa kuipokea, kwa hiyo utahitaji na giaboksi ya Toyota, kisha propela zikerezwe upya, kisha na transfa uitafutie mahali. Mwisho wa yote unakuta ungenunua Hilux.

Jambo moja wanalosahau wote: injini ya petroli inavuta hewa, na mvuto huo ndio unaosaidia busta ya breki. Dizeli haina mvuto huo. Ndiyo maana alternata ya 2L imebeba pampu ndogo mgongoni. Kuna kijana alinunua 2L, akafunga alternata ya petroli kwa sababu ilikuwa bei poa, akashuka mlima na breki ngumu kama jiwe. Alisimama kwenye kichuguu, tukashukuru Mungu kichuguu kilikuwepo.

Ukiniletea dizeli ndogo, nitaiangalia. 2L nakataa, na wala sioni haya kukataa kazi.

Kabureta au EFI?

Ukiishi mjini na ukiwa na fundi umeme unayemwamini, EFI. Inawaka asubuhi kwa mguso mmoja, haili mafuta ovyo, na haijali gari limelala upande gani. Kabureta ukiliinamisha gari kwenye mfereji inaanza kukohoa, maana mafuta ndani ya bakuli lake yamehama.

Ila EFI inadai vitu vyake. Pampu ya mafuta ya Samurai ya kabureta inasukuma kidogo sana, wakati nozeli za EFI ya valvu 16 zinataka presha ya karibu bar 2.5 hadi 3. Kwa hiyo pampu mpya, filta mpya, na bomba zima la kurudisha mafuta kwenye tangi. Hosi ziwe za presha, na klipu ziwe za EFI. Klipu za kawaida zinakata mpira, na petroli inayorushwa kwa bar 3 juu ya ekzosti ya moto sihitaji kukueleza itafanya nini.

Ukiishi Liwale au ndani ya Nachingwea, mahali ambapo fundi wa karibu ana koleo na bisibisi mbili, kaa na kabureta. Inasafishika kwa petroli na mswaki wa zamani.

Injini ya mtumba nitaikaguaje kabla sijatoa hela?

Nyingi zinatoka Dar, Kariakoo upande wa Gerezani na Ilala. Ikikupendeza ukiwa mbali, usitume hela kwa picha. Mtume mtu, au panda basi.

Ukifika, fungua kifuniko cha oili ukitazame kwa ndani. Ukikuta ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameingia kwenye oili. Rudisha kifuniko, sema asante. Ingiza kidole kwenye mdomo wa hosi ya juu ya rejeta: kutu nyekundu kwenye injini ya aluminiamu ina maana ilikuwa inanyweshwa maji ya bomba miaka yote. Toa plagi zote nne uzipange mezani kwa mpangilio wake. Zinatakiwa zifanane rangi. Moja ikiwa nyeusi yenye mafuta na tatu kavu, ile silinda ina habari.

Kisha omba betri na stata, upime kompresheni, plagi zote zikiwa nje na kipepeo cha hewa kikiwa wazi. Injini nzima ya petroli inatoa bar 12 au zaidi, lakini mimi naangalia zaidi kama silinda nne zinakaribiana. Tofauti ikizidi bar 1 kati ya bora na mbovu, shusha bei au ondoka. Muuzaji anayekataa kupimwa ameshakupa majibu.

Na waya. Hapa nina kovu. Mwaka 2024 nilinunua G16 ya valvu 16 kwa ajili ya gari langu mwenyewe, kutoka kwa muuzaji wa Dar niliyemzoea, nikaambiwa imekamilika. Ikakwama Dar kwanza, maana ilikuwa Mei, kimbunga Hidaya kimepita na barabara ya Kusini imekatika maeneo ya Somanga. Ilipofika, nikafungua gunia nikiwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Injini nzuri, kontroli boksi ipo, sensa zipo. Waya zimekatwa kwa kisu, shubiri moja kutoka kwenye kila soketi. Waya zaidi ya thelathini, nyingine zina rangi zinazofanana, na hakuna mchoro. Nilikaa nazo wiki tatu jioni baada ya kazi, mke wangu akishika tochi, nikiunganisha mmoja mmoja. Siku ilipowaka ilikuwa saa nne usiku, na jirani alitoka nje na panga akidhani ni wezi.

Kwa hiyo: mkanda wa waya uwe mzima kutoka injini hadi kontroli boksi, na soketi zote ziwepo. Namba ya injini isomeke. Risiti ya EFD mkononi, na nakala ya karatasi za kuingiza mzigo kama anazo. Bila karatasi, ile injini inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyelala.

Kazi yenyewe ikoje?

Kuitoa ya zamani ni asubuhi moja: cheni bloku kwenye tawi la mwembe (tawi hilo lina historia), bodi ya mbele wazi, rejeta nje. Kuiingiza mpya ni asubuhi nyingine. Kinachokula siku ni vile vya katikati.

Cha kwanza ni klachi. Usichanganye flaiwili ya gari hili na presha pleti ya lile na disiki ya sokoni. Vipange mezani kama seti moja. Meno ya katikati ya disiki lazima yaingie kwenye shafti ya giaboksi yako kwa kusukuma kwa kidole, bila nyundo. Bearing ndogo ya mwisho wa krenki, inayoshika ncha ya shafti hiyo, iwe mpya na ya kipimo sahihi. Inauzwa bei ya soda mbili, na ikikosekana utashusha giaboksi tena.

Cha pili ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na hapa ndipo Samurai nyingi zilizobadilishwa mitaani zinapoharibikiwa. Escudo ina sasipensheni ya mbele ya kila gurudumu peke yake, na difu yake imetulia mahali pamoja. Samurai ina ekseli nzima chini ya injini, ambayo inapanda na kushuka kila ukikanyaga shimo. Sampu iliyotengenezwa kwa ajili ya Escudo haikuwahi kuambiwa kuna ekseli inakuja. Gari likiwa limesimama utaona nafasi ya kutosha, utaridhika, utafunga kila kitu. Siku ya kwanza kwenye barabara ya Msimbati difu inapiga sampu, oili yote mchangani.

Mimi nafanya hivi: injini ikishakaa kwa muda, natoa springi za mbele za upande mmoja, nainua ekseli kwa jeki hadi igote kabisa kwenye raba zake za mwisho. Kisha nachukua donge la udongo wa mfinyanzi, nalibandika juu ya difu, narudia. Udongo ukibonyea na kubaki chini ya upana wa kidole gumba, sampu inabadilishwa. Mara nyingi jibu ni kurudisha sampu na bomba la kunyonya oili la Samurai yenyewe. Ukikata sampu na kuichomelea upya, ijaze mafuta ya taa uiache usiku mzima juu ya karatasi kavu. Mafuta ya taa yanapenya tundu ambalo oili nzito haitalionyesha.

Cha tatu, raba za injini. Chuma cha kushikilia kitengenezwe baada ya injini kukaa, sio kabla. Panga injini na giaboksi zinyooke, propela ikae kwenye pembe ile ile ya zamani, ndipo uchomelee. Anayechomelea kwanza na kulazimisha baadaye atasikia gari likitetemeka kwenye kilomita 70 kwa saa na atabadilisha tairi mara mbili kabla hajaelewa.

Vingine ni vya kawaida: ekzosti, kamba ya akseleta, hosi za hita kama unayo. Mtu wa Mtwara anayetumia hita ya gari sijamwona.

Mbona waliobadilisha injini wanachemsha wakipanda Newala?

Kwa sababu mlima ule ni mtihani. Mtwara mjini tuko usawa wa bahari. Newala iko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600, na ukitokea upande wa Masasi mlima mkali unaukuta mwishoni. Unapanda kwa gia ya pili, jua la saa nane, mwendo wa baiskeli. Upepo wa kupita kwenye rejeta haupo. Kinachobaki ni feni.

Sasa angalia feni ya gari lililobadilishwa haraka haraka. Injini imekaa sentimita kadhaa nyuma au mbele ya ilipokuwa ya zamani, kava la plastiki linaloizunguka feni limetupwa kwa sababu halikuingia, na feni inazungusha hewa yake yenyewe kama panga boi la hotelini. Feni bila kava inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Tengeneza kava, hata la bati. Acha nafasi ya kidole kati ya ncha za feni na kava, na feni isogee karibu na rejeta, sentimita mbili tatu.

Rejeta yenyewe, kama ni ya 1.3 ya kwanza na ina miaka thelathini, nusu ya njia zake zimeziba. Ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa, au chukua ya Escudo.

Halafu themostati. Mafundi wengi wa nchi hii wakiona gari linachemsha, kitu cha kwanza wanakitoa na kukitupa. Nimefanya hivyo na mimi zamani. Bila themostati injini inazunguka baridi kwenye lami, EFI inadhani ni asubuhi siku nzima na inaongeza mafuta, oili haipati joto la kukausha unyevu wake, na mlimani bado inachemsha kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta. Ijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni, ikifunguka maji yakikaribia kuchemka ni nzima. Tumia sufuria ambayo mama wa nyumba hataihitaji tena.

Na maji. Visima vyetu vya pwani vina chumvi. Bloku ya aluminiamu na maji ya chumvi hawajawahi kuelewana. Weka kulanti, au angalau maji yaliyochujwa ya chupa. Silinda hedi ya aluminiamu ikichemka vibaya mara moja inapinda, na kuinyoosha ni kuipeleka kwa mkerezaji, gasketi mpya, siku tatu bila gari.

Ukipanda ukaona mshale unapaa: simama kivulini, acha injini inguruma taratibu feni ikizunguka, usifungue kifuniko cha rejeta. Narudia hilo la kifuniko kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaungua uso.

Giaboksi na difu zitavumilia?

Za Samurai kwa G16, ndiyo, ukiendesha kama mtu mzima. Zinakatika kwenye mchanganyiko huu: injini kubwa, tairi kubwa, gia nzito ya 4WD, gurudumu moja limekwama na mguu umekandamizwa hadi chini. Hapo shafti ya mbele au jointi yake inatoa mlio mmoja tu. Kwenye mchanga punguza upepo kwanza, gari jepesi kama hili psi 15 linaelea, na ukirudi lami jaza. Mtu asiyekuwa na pampu ya upepo kwenye gari asije kuniambia habari za injini.

Breki?

Samurai ina disiki mbele na ngoma nyuma, na urefu kati ya magurudumu ya mbele na nyuma ni mita 2 na sentimita 3. Ni fupi na lina kimo. Ukilipatia gari hili uwezo wa kwenda 120 utalifundisha kupinduka. Mimi sifungi injini kabla sijafungua breki zote nne: pedi, silinda za nyuma, hosi za mpira, mafuta ya breki mapya. Mteja akikataa gharama hiyo, namrudishia funguo. Wapo waliokwenda kwa jirani. Sawa.

Itakula mafuta?

Kwenye lami ya Lindi kwa mwendo wa kistaarabu, karibu sawa na 1.3, kwa sababu 1.3 ulikuwa unaikandamiza muda wote. Mchangani itakula zaidi. Ukiwa na mguu mzito itakula zaidi kila mahali, na hapo usilaumu injini.

Kadi ya gari, bima, trafiki?

Kadi yako ina namba ya injini na cc. Ukibadilisha vyote viwili, kadi inaeleza gari ambalo halipo tena. Nenda TRA na risiti ya injini ubadilishe taarifa, na ufanye hivyo mapema, maana siku utakapotaka kuuza ndipo mnunuzi atakapoinama na tochi kusoma namba. Mjulishe na mtu wa bima kwa maandishi. Gari likiungua au likigonga, kitu cha kwanza kitakachotazamwa ni kama lililopata ajali ndilo lililokatiwa bima.

Wengi wanaogopa kwamba cc zikiongezeka watalipa zaidi ile ada ya mwaka ya leseni ya gari. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Unailipa sheli kila ukijaza, bila kujua.

Gharama je? Na inachukua muda gani?

Bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo nitakupa kipimo badala ya namba. Chukua bei ya injini uliyoambiwa. Weka pembeni kiasi kama hicho hicho tena, kwa ajili ya klachi, rejeta, pampu, waya, breki, kuchomelea, kulanti, oili, na nauli ya spea inayokuja na basi. Kama hiyo ya pili huna, subiri. Uwanjani kwangu kuna Samurai mbili zilizokaa mwaka mzima bila pua, wenyewe walikuwa na hela ya injini tu. Kuku wanataga ndani.

Muda: kila kitu kikiwepo, wiki mbili. Kikikosekana kimoja, sijui wewe na basi la Dar.

Nilete lini?

Msiniletee wote Desemba. Hela za korosho zinaanza kuingia Oktoba na kila mtu anakumbuka gari lake siku moja, kisha mvua zinaanza na mnataka mlichukue kabla tope halijawa tope. Leteni Juni au Julai. Barabara kavu, mimi nina nafasi, na tunapata miezi ya kulijaribu injini ikiwa mpya. Nataka nilione tena baada ya kilomita 500: naimwaga oili, nakaza boliti za raba, napima kama kava la feni halijaanza kugusa.

Injini yangu ya zamani niifanye nini?

Usimwachie fundi bure, hata mimi. Toa stata, alternata, kabureta, distributa na pampu ya maji, vifunge kwenye gunia lenye oili kidogo. Vitatu kati ya hivyo utavihitaji au jirani yako atavihitaji. Bloku ikiwa nzima, kuna watu wa mashamba ya ufuta wanaoulizia injini ndogo za kuendeshea pampu ya maji. Na kama ni F10A ya SJ410 iliyo kamili na transfa yake, nipigie kwanza. Transfa hiyo nina mtu anaingojea tangu Mei.